Kabla hujailaumu hita, pima maji

Mtu akisikia kazi yangu ni kufunga na kutengeneza hita za maji hapa Tanga mjini, kwanza anacheka. Joto lote hili la Pwani, Februari hata feni inapuliza vuguvugu, nani ana shida ya maji ya moto? Huwa namwambia aje Julai, kusi inavuma na maji ya tanki yamelala juu ya bati usiku kucha, halafu alfajiri nimmwagie ndoo moja tu tuone kama atacheka tena.

Ila wateja wangu wakubwa si waoga wa baridi. Kuna wazee ambao magoti yao hayanyanyuki asubuhi bila maji ya moto. Kuna nyumba za wageni za Chumbageni na Raskazone, maana mgeni anayeshuka kutoka Lushoto hataki kusikia habari ya joto la Pwani, anataka kuona mvuke bafuni. Na zaidi ya wote kuna nyumba zenye mzazi. Mwanamke aliyejifungua huku kwetu hukandwa na kuogeshwa maji ya moto mpaka atoke arobaini, na hita ikigoma kwenye nyumba hiyo napigiwa simu na ukoo mzima kwa zamu: bibi, shangazi, wifi, mwisho baba mtoto, sauti yake imeshachoka kutumwa.

Hita ninazozisema ni zile za gesi za kutundika ukutani, zisizo na tanki ndani. Unafungua koki ya maji ya moto, unasikia tak-tak-tak ya cheche, moto unawaka wenyewe, maji yanapita kwenye bomba la shaba lililozungushwa juu ya moto na yanatoka yameshapata joto. Ukifunga koki, moto unazima. Wenzetu wa Uingereza wana ndugu yake mkubwa, boila ya kombi, inayopasha maji ya kuoga na pia maji yanayozunguka kwenye redieta za nyumba nzima, yale mabamba ya chuma ya ukutani yanayotia joto vyumbani. Nitaifikia, kwa sababu nina mpwa wangu London aliyenifanya niijue boila hiyo bila kuigusa kwa mkono.

Nikiitwa kwa hita inayosemekana imekufa, mara nyingi naikuta nzima. Maji ndiyo hayafiki. Ndani ya hita, chini kabisa pale maji yanapoingilia, kuna raba ya duara yenye upana wa vidole vitatu au vinne. Maji yakipita kwa nguvu ya kutosha yanaisukuma raba, raba inasukuma kijiti cha chuma, kijiti kinabonyeza swichi ya cheche na kufungua njia ya gesi. Maji yakipita kinyonge, raba haisogei, na hita itakaa kimya hata ukiiwekea betri mpya kila siku. Imeundwa hivyo makusudi. Moto ukiwaka wakati bomba halina maji ya kutosha, shaba itaungua.

Kwa sababu hiyo siendi kwa mteja bila jagi la plastiki la lita 1. Spana na bisibisi zinasubiri. Naingia bafuni, nafunga koki ya baridi, nafungua ya moto mpaka mwisho, nakinga jagi na kuwasha saa ya simu. Hita ndogo nyingi zinataka lita 2.5 hadi 3 kwa dakika ndipo ziwake, na jagi likijaa kwa sekunde 20 maana yake ni lita 3 kwa dakika, mpakani hapo. Likijaa kwa sekunde 10 au 12, maji hayana kosa, nahamia kwenye betri na gesi. Likichukua nusu dakika, hita siifungui kabisa. Napanda juu kutafuta maji yamekwama wapi.

Juu huko kuna mengi. Karibu kila nyumba mjini ina tanki la plastiki, na tanki limewekwa pale mwashi alipochokea: juu ya zege la choo, juu ya jiko la uani, mahali popote panapobeba uzito. Maji hayajui kwamba umenunua tanki la lita 2,000. Yanachojua ni kimo. Mita 10 za kimo ndizo zinazoleta msukumo wa baa 1 (baa ndicho kipimo chetu cha msukumo), kwa hiyo tanki lililo mita 2 tu juu ya shawa lina baa 0.2, na hapo sijatoa kinacholiwa na kona za mabomba. Kwenye kibati cha hita, pembeni, huwa kumeandikwa msukumo wa chini kabisa inaoukubali, kwa MPa, yaani megapaskali, kipimo kingine cha msukumo: 0.02 kwa nyingine, 0.03 kwa nyingine. Ya 0.02 inataka mita 2 za maji juu yake, ya 0.03 inataka mita 3. Maandishi hayo yapo dukani kabla hujalipa, na nadra kukuta mtu aliyeyasoma. Akishalipa, naitwa mimi niinue tanki kwa nondo na tofali.

Kabla ya kuinua tanki, angalia kichwa cha shawa. Kuna vichwa vya kisasa vyenye vitundu vidogo mno, vimetengenezwa kwa nyumba ambazo maji yanakuja na msukumo wa baa 3. Ukikifunga kwenye tanki la Ngamiani lililo juu ya jiko, umeziba njia. Nakifungua kwa mkono, napima tena kwa jagi bila kichwa, na mara nyingine tatizo limeisha hapo hapo kwa mshangao wa wenyewe.

Halafu kuna wavu. Pale bomba la maji ya baridi linapoungana na hita, ukilegeza yunio, ile nati ya kuungia, utaona kiwavu kidogo cha chuma au plastiki. Maji ya Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na Zigi wenyewe unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara Mashariki. Masika ikikolea milimani mto hubeba udongo. Maji husafishwa kabla ya kufika kwetu, lakini vumbi laini kidogo kidogo hutulia chini ya tanki ambalo halijaoshwa tangu lipandishwe, na siku maji yakipungua tankini, tope lote linashuka kwa pamoja kwenda kwenye wavu. Nimetoa humo utelezi mwekundu, vipande vya tefloni vya fundi aliyefunga bila kusafisha, mabawa ya mende, na siku moja mjusi kafiri aliyekauka, kajikunja mviringo kamili wa wavu. Mwenye nyumba alikuwa ameshauza wazo la hita mpya kwa mumewe, hakumfurahia mjusi wangu.

Kilichonikaza mawazo haya ni nyumba moja ya Mikanjuni, ya bi mkubwa mstaafu aliyekuwa anamlea binti yake mzazi. Hita yao ilikuwa inafanya kazi mchana vizuri kabisa. Kuanzia saa tatu usiku inagoma. Alfajiri, wakati wa kumkanda mzazi, bado imegoma. Ikifika saa nne asubuhi inawaka, hakuna tatizo. Fundi aliyetangulia alibadilisha betri, akabadilisha regyuleta ya gesi, mwisho akasema hita imechoka wanunue nyingine. Wakanunua. Mpya nayo ikawaka mchana ikagoma usiku. Nilipofika nilikuta nyumba imegawanyika: bi mkubwa anasema gesi inaganda kwa baridi ya usiku, na jirani ameshamtaja jini. Tanga hatukosi jini wa kumtwika mzigo.

Mchana nilipima kwa jagi, sekunde 13. Safi. Nikaomba nirudi usiku, bi mkubwa akanitazama kwa shaka kidogo, akakubali.

Usiku nikaanza kwa kuwaomba wanionyeshe jinsi wanavyooga. Shawa yao ilikuwa ya mkononi, yenye kitufe cha kufungia kwenye mpini. Koki zote mbili, ya moto na ya baridi, zinakaa wazi saa zote, wanafungua na kufunga kwa kitufe. Nikabonyeza. Maji yalitoka kwa nguvu kuliko mchana, ya baridi, na hita kimya. Nikafunga koki ya baridi kabisa nikaiacha ya moto peke yake: nguvu ikapungua, ikapita muda mfupi, tak-tak-tak, moto ukawaka. Nikaifungua ya baridi taratibu. Hita ikazima.

Nikatoka nje na tochi. Bomba la kumwagia maji yaliyozidi tankini lilikuwa linachuruzika ukutani, na ukuta una mstari wa ukungu wa kijani wa siku nyingi. Nikapanda ngazi nikafunua tanki. Boya limepanda mpaka juu, limefunga barabara, hakuna tone linaloingia kwa pale. Lakini tanki lilikuwa linajaa na kufurika. Maji yalikuwa yanaingia kwa chini, kupitia bomba ambalo kazi yake ni kutoa.

Bafu lile liliungwa hivi: baridi ya shawa imechukuliwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, moto umechukuliwa tankini kupitia hita. Mchana mji mzima unatumia maji, msukumo wa mtaani unashuka, unakaribiana na wa tanki, na shawa inachanganya vizuri. Usiku watu wakilala, msukumo wa mtaani unapanda. Chukulia umefika baa 2, na tanki lina baa 0.3. Vikikutana ndani ya shawa moja, mwenye nguvu anashinda. Maji ya mtaani yanaingia njia ya moto, yanapita kwenye hita kinyumenyume, yanapanda kujaza tanki. Raba ya hita inasukumwa upande usio wake, itawakaje?

Nilihamisha baridi ya bafu lile ichukue maji tankini, ili pande zote mbili ziwe na kimo kimoja. Kabla ya hita nikaweka valvu ya kuzuia maji yasirudi, ambayo sisi mafundi tunaiita nonriteni, na hapa nina neno kwa mafundi wenzangu: kwenye msukumo wa tanki weka ile ya kibamba kinachobembea, ile ya springi inakula msukumo wenyewe ambao tayari ni haba. Hita ikawaka usiku uleule. Bi mkubwa alishukuru, kisha akalalamika kwamba shawa sasa haina nguvu kama zamani. Ni kweli, haina. Ile nguvu ilikuwa ya bomba la mtaani. Hita yao ya zamani, ile iliyosemekana imechoka, walikuwa wameshampa ndugu yao wa Pongwe, na huko inawaka mpaka leo.

Kuna malalamiko mengine ambayo kwa sikio yanafanana na hayo, lakini chanzo chake ni mkono wa anayeoga. "Fundi, hita yako ina kichaa. Inachoma, inazima, inachoma, inazima." Hita ya lita 6, yaani ya kupasha lita 6 kwa dakika, ina moto wa kama kilowati 10. Maji yetu yanaingia na nyuzi 27 hivi. Yakipita lita 6 kwa dakika yanaongezeka nyuzi 25, yanatoka na 52. Anayeoga anaona yamezidi, anapunguza koki ya moto. Sasa yanapita lita 3, na moto ni uleule unaopasha nusu ya maji: yanakaribia nyuzi 77. Anaruka pembeni, anapunguza tena. Maji yanashuka chini ya kiwango, raba inarudi, moto unazima, anamwagikiwa na ya baridi na sabuni machoni. Nyuzi 77 si mchezo, hata 60 zinaunguza ngozi kwa sekunde chache, na ya mtoto mchanga kwa haraka zaidi.

Dawa yake ni kupunguza gesi na kuyaacha maji yapite kwa wingi. Hita ina kitasa cha moto, na nyingi zina kingine chenye picha ya jua upande mmoja na theluji upande wa pili, kinachopunguza idadi ya ndimi za moto zinazowaka. Weka kwenye jua. Tanga sijaona siku ya kukitoa hapo. Tena gesi utaiona inakaa: hita ndogo ikiwaka kwa moto wake wote inakula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa, na kwa kuoga kwetu huku nusu yake inatosha.

Hapo hapo ndipo ninapogombana na wauza maduka. Mteja akienda kununua atasifiwa ya lita 12 au 16, kwamba kubwa ndiyo nzuri. Lita zilizoandikwa kwenye boksi kwa kawaida zimehesabiwa kwa kuyaongeza maji nyuzi 25. Maji ya kuoga ni nyuzi 40, na kutoka 27 mpaka 40 ni nyuzi 13 tu, kwa hiyo ile ndogo ya lita 6 inaweza kukupashia zaidi ya lita 11 kwa dakika, ambazo bomba lako la nusu inchi kutoka juu ya jiko halitazitoa hata kwa dua. Kubwa inataka maji mengi zaidi ili iwake, na ikiwaka, moto wake mdogo kabisa bado ni mkali kwa hali yetu. Ukubwa wake umekusudiwa watu ambao maji yao yanatoka bombani yakiwa karibu na barafu.

Kama mpwa wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu, alikwenda London kusomea uuguzi akabaki huko. Januari moja akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma mtoto analia: "Shikamoo mjomba. Boila yetu imeharibika, maji ya bafu ni vuguvugu kabisa, mwenye nyumba anasema fundi mpaka Alhamisi, na mimi mtoto ndiyo hivyo unamsikia."

"Marahaba mwanangu. Redieta zina joto?"

"Zina joto sana."

"Jikoni, maji ya moto yanatoka?"

Akaenda kuangalia. Yanachoma.

"Bafuni umefungua koki mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mjomba, ili bafu lijae upesi."

Nikamwambia aifunge nusu asubiri kidogo. Nikasikia kimya, maji yanachuruzika, halafu kicheko. Boila yao ni ya kilowati 24, ukubwa wa kawaida kwa nyumba ndogo. Maji ya London kwenye baridi ile yanaweza kuingia na nyuzi 5. Kuyafikisha 40 ni kuyaongeza nyuzi 35, na kwa kilowati 24 hilo linawezekana kwa lita zisizofika 10 kwa dakika. Koki ya bafu ikifunguliwa wazi inaweza kutoa lita 15, na hapo boila ikijitahidi sana inayafikisha 28. Hapa kwetu namwambia mteja afungue zaidi, kule nikamwambia afunge. Hesabu ni moja.

Baridi ya mwaka uliofuata akanipigia tena, na safari hii kufunga koki hakukusaidia. Jikoni na bafuni maji yalikuwa yanatoka moto sekunde chache kisha yanapoa, ilhali redieta zinaunguza. Hilo likanionyesha kwamba moto upo na maji yanapita, ila joto haliyafikii. Ndani ya boila ya kombi maji yanayozunguka kwenye redieta hayachanganyiki na ya kuoga. Yanapitishana joto ndani ya kifaa kidogo cha mabamba membamba ya chuma, yamebanana kama chapati kwenye sahani, ya redieta yakipita upande mmoja wa bamba na ya koki upande wa pili. Kabla yake kuna valvu inayoamua maji ya moto yaende kwenye redieta au kwenye mabamba. Ikikwama katikati, ukifungua koki ya jikoni redieta nazo zinapata joto hata kama umezizima. Nikamwambia azime redieta, afungue koki, azishike baada ya muda. Zilibaki baridi. Basi nikahisi ni mabamba, yameziba kwa chokaa, maana maji ya London ni magumu, yamepita kwenye miamba ya chokaa.

Nilimkataza kufungua mfuniko. Kule kazi ya gesi haifanywi na yeyote mwenye spana. Lazima fundi awe kwenye rejista ya Gas Safe, iliyoanza kutumika Aprili 2009, na ana kitambulisho chake ambacho unaruhusiwa kukiomba mlangoni. Alichoweza kufanya mwenyewe ni kusoma geji ya msukumo wa redieta, ambayo boila ikiwa imepoa inatakiwa kuwa kati ya baa 1 na 1.5, na kumweleza fundi dalili zote kwa mpangilio. Fundi alikuja, akabadilisha mabamba, akaondoka. Mpwa wangu alinitumia picha ya kifaa cha zamani: ukoko mweupe uleule ninaoutoa mimi kwenye nyumba zetu za visima.

Maana na sisi chokaa tunayo, Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mwamba wa chokaa. Nyumba yenye kisima, ukitazama ndani ya birika lao utajua hita yao ina hali gani. Maji ya kisima yakipashwa huacha ukoko kwenye shaba, njia inakuwa nyembamba mwaka hadi mwaka, na hita inaanza kuvuma sauti ambayo haikuwa nayo. Hapo nafungua bomba la shaba, nalijaza siki na kuliacha, nalisukutua, narudia mpaka povu liishe. Ukoko mzito sana hauondoki kwa siki, na shaba iliyokwisha kutoboka haina dawa.

Habari ya betri ni fupi. Kama jagi limejaa vizuri na husikii cheche, toa betri uangalie vibati vyake kabla ya kukimbilia dukani. Hewa ya chumvi ya Sahare na Raskazone inavipaka ukungu wa kijani, na kipande cha msasa kinatosha. Cheche zipo na moto hauwaki: mtungi umefungwa, au umekwisha, au umebadilishwa leo na mpira wa gesi bado una hewa, fungua koki na kuifunga mara kadhaa. Moto unawaka na kuzima kila jikoni wanapowasha mafiga yote: jiko na hita wanagombania regyuleta moja, wape kila mmoja yake. Inazima katikati ya kuoga, kila siku baada ya muda uleule: hita nyingine zimewekewa saa ya kujizima ikifika dakika 20. Nilimweleza hivyo kijana mmoja wa Donge mbele ya mama yake, na nadhani nilimharibia, maana alikuwa amesema anaoga dakika tano.

Ila moto ukiwaka wa njano badala ya bluu, sitanii. Mara nyingi ni buibui. Wanapenda kujenga kwenye vijibomba vya gesi vya hita iliyokaa bila kutumika, hewa haichanganyiki vizuri na gesi, moto unakuwa wa njano na masizi yanaziba juu. Moto wa namna hiyo unatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Harufu mnayoisikia kwenye gesi inayovuja imetiwa makusudi ili muistukie. Hii haina kitu kama hicho. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, miguu kuisha nguvu, na Tanga mtu akiumwa kichwa na kulegea anafikiria malaria, anajilaza humohumo ndani.

Kwa hiyo hita iliyofungwa ndani ya bafu siitengenezi. Kuna nyumba nilikuta wameifunga juu ya mlango wa bafu kwa ndani, na kidirisha cha bafu wamekiziba kwa nailoni kwa ajili ya mbu. Hita ilikuwa nzima, walitaka tu niwabadilishie mpira. Nikawaambia nitaubadilisha nikishaitoa nje. Mwenye nyumba alikasirika, akasema wengine wanatengeneza bila masharti. Nikakunja begi. Alinipigia jioni yake, na sasa hita iko ukutani uani, chini ya kipande cha bati cha kuzuia mvua. Huku hatuna barafu ya kupasua mabomba, sababu ya kuificha ndani sijaiona.

Kinachonisumbua mpaka sasa ni malipo. Nikibadilisha kitu, hata cha shilingi elfu tatu, mteja analipa bila neno, anakiona kipya kinang'aa. Nikigundua kwamba tanki halina kimo au koki ya baridi imeungwa mtaani, nikatumia siku nzima na jagi langu, anauliza: "Sasa fundi, hela ya nini, umebadilisha nini?" Mama mmoja wa Makorora aliniambia nimefungua valvu tu, hata mwanawe angeifungua. Sikubishana naye. Siku hizi nataja bei ya ukaguzi kwenye simu, kabla sijapanda bodaboda, na nusu ya wanaopiga wanasema watanirudia. Robo wanarudi, wengi wakiwa wameshanunua hita ya pili.